Kaka yangu fundi anasema dunia ni bapa, na tumewekeana dau la mbuzi

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 31, naishi Moshi na kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani. Nakuandikia kuhusu kaka yangu mkubwa.

Kaka ni fundi ujenzi, na ukiziona nyumba alizosimamisha huku kwetu hutamwita fundi wa kubahatisha. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano, yeye kidato cha pili. Aliacha shule akaenda kuchanganya zege ili mimi niendelee, na ada zangu zote mpaka chuo cha utalii zimetoka mikononi mwake. Nalisema hili mapema ili usinione mtu asiye na shukrani.

Tatizo lilianza mwaka juzi na video za kwenye simu. Akitoka saiti anaoga, anakula, halafu anaangalia mpaka usiku wa manane. Sasa anaamini kabisa kwamba dunia ni bapa. Anasema Ncha ya Kaskazini ipo katikati, barafu ya kusini ni ukuta unaozunguka ukingo wote, na jua ni kitu kidogo kilichopo kama kilomita 5,000 juu yetu, kinachozunguka bila kushuka kamwe. Picha zilizopigwa kutoka angani anasema zimetengenezwa kwa kompyuta na watu wanaolipwa. Vibarua wake wote wameshalisikia hili, na wawili watatu wameanza kumfuata.

Hoja anazozirudia ni mbili. Ya kwanza inatoka kwenye ufundi wake. Anasema amejenga karibu miaka ishirini akitafuta leveli kwa mpira wa maji, na hajawahi kuona maji yakipinda. Dunia ingekuwa mviringo angeshaona. Ya pili ni picha ya Kilimanjaro iliyopigwa kutoka Nairobi. Ana kanuni aliyoitoa kwenye video, kwamba mpindo wa dunia ni inchi nane zidisha maili mara maili. Kwa umbali ule, anasema, zaidi ya mita 3,000 za mlima zingepaswa kuwa zimezama, mbona unaonekana? Mimi ninayeupanda mlima huohuo sikuwa na jibu. Nilibaki nasema wanasayansi wameshathibitisha.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote kihambani Kibosho, wajomba, mashangazi na watoto waliotoka Dar. Mbege ilipozunguka akaanza mada yake. Tukabishana weee, mwisho nikamwambia haya mambo ni ya darasani, ayaachie waliosoma. Wajomba wakacheka sana. Kaka akanyamaza, halafu akasema Krismasi ijayo nije na ushahidi mbele ya watu hawahawa. Nikishinda anachinja mbuzi yeye. Nikishindwa nachinja mimi, na nisifungue mdomo tena. Tukapeana mikono.

Tangu hapo hapokei simu zangu. Nikimtumia video moja anajibu kwa video mbili. Mwanawe wa kwanza yupo kidato cha pili, na juzi alimbishia mwalimu wa jiografia darasani, kisha kwenye mtihani swali la umbo la dunia akaliacha wazi. Mama analia, anasema tumalize haya yeye akiwa hai.

Mwalimu, nipe ushahidi mmoja tu usiopingika niende nao Krismasi, yaishe.

Mdogo Mtu, Moshi

Marahaba mwanangu.

Ushahidi upo, na nitakupa wa kufanyia uani kwa kaka yako bila picha ya angani hata moja. Lakini kwenye barua yako kuna jambo umelitaja ukalipita haraka, nami siwezi kulipita. Mtu aliyeacha shule ili wewe usome, umemwambia mbele ya wajomba awaachie waliosoma. Tangu sentensi ile, habari ya umbo la dunia imekwisha na imeanza habari nyingine. Kila video unayomtumia sasa, hata ingekuwa na ukweli wote, inamfikia ikisema neno lilelile: wewe hukusoma. Nani angeipokea?

Kwa hiyo kabla ya kijiti na kipimo, nenda kwake. Nenda peke yako, siku ambayo hayupo kazini, usibebe hoja yoyote. Mwombe radhi kwa neno lile, na ukishaomba usiongeze "lakini". Kisha, kwa kuwa wazee walikuwepo ulipomvunjia heshima, mtafute mjomba mmoja mwenye busara umwambie kwamba umeomba radhi, ili habari ifike kwa waliocheka. Wewe ni mdogo, huwezi kuliruka hili.

Na dau la mbuzi livunje. Nakwambia hivi kwa sababu dau kama hilo limeshawahi kuwekwa, na waliohusika hawakupata amani. Mwaka 1870 huko Uingereza, John Hampden, aliyeamini dunia ni bapa, alitoa changamoto ya pauni 500 kwa atakayemwonyesha mpindo kwenye maji. Aliyeipokea ni Alfred Russel Wallace, yule mwanasayansi aliyelifikia kivyake wazo la uteuzi wa asili, lilelile la Charles Darwin kuhusu viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Ujana wake Wallace alikuwa mpima ardhi, kwa hiyo kazi ya kupima aliijua. Walikwenda kwenye mfereji ulionyooka wa Old Bedford, kipande cha maili 6, karibu kilomita 10. Darubini, alama ya katikati na alama ya mwisho viliwekwa kimo kimoja kutoka kwenye maji. Wallace alipotazama, alama ya katikati ilionekana juu ya ile ya mwisho, kama inavyotakiwa iwapo maji yamepinda. Mwakilishi wa Hampden akatazama kwenye darubini ileile, akatangaza kwamba ameona dunia bapa!

Mwamuzi alimpa Wallace ushindi. Hampden akaanza kumwandama kwa barua za matusi, akamwandikia hadi mke wake vitisho, akafungwa kwa kumchafulia mtu jina, akatoka akaendelea. Mahakama nayo ikaja kuamua kwamba dau la namna hiyo halina nguvu kisheria na fedha zirudishwe. Wallace alipima sawasawa na bado akajuta miaka mingi kwamba aliingia kwenye jambo lile. Palipo na dau na watazamaji, mtu hatazami tena kwenye darubini, anatazama nyuso za watu. Wewe na kaka mkisimama mbele ya ukoo mzima na mbuzi amefungwa pembeni, hata ukiwa na ushahidi wa aina gani hatakubali, na mimi simlaumu.

Sasa tuje kwenye hoja zake. Nimezisoma kwa makini na nakuomba nawe uzichukulie kwa makini, maana si hoja za kijinga. Mtu anayesema "sitaki kuambiwa, nataka kupima" ameshika sehemu muhimu kabisa ya sayansi, na wengi wanaomcheka hawajawahi kupima chochote, wanarudia tu walichoambiwa. Udhaifu wake upo kwingine. Anawadai ushahidi wa macho wenye picha za angani, lakini waliotengeneza zile video hajawadai kitu. Kazi yako ni kumsaidia awadai na wao.

Chukua ule mpira wa maji. Kaka ni mkweli kwamba hajaona maji yakipinda, na asingeweza kuona. Dunia ina nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Kwa mpira wa mita 20, ambao kwa nyumba ya kawaida unatosha, uso wa maji unatofautiana na mstari ulionyooka kwa kama sehemu 3 za mia za milimita moja, chini ya unene wa unywele. Penseli yake ya kuwekea alama ukutani ina ncha nene kuliko hiyo. Ukitaka tofauti inayoonekana lazima uende mbali: kwenye kilomita 1 inafika kama sentimita 8, na Wallace alihitaji mfereji wa kilomita karibu 10. Mwambie hivyo kwa namba, mpe kikokotoo apige mwenyewe: umbali mara umbali, gawanya kwa kipenyo cha dunia. Fundi anaelewa haraka kuliko mtu yeyote kwamba kila kifaa kina mwisho wa inachoweza kupima.

Picha ya Nairobi ni nzuri zaidi, na ulipaswa kuifurahia. Kanuni yake ya inchi nane si uongo kwa umbali ule. Kutoka Nairobi mpaka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni kama kilomita 200, na ukipiga hesabu unapata mita 3,100 hivi. Alichosahau ni kwamba aliyepiga picha hakuwa ufukweni. Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Kibo ni mita 5,895, kwa hiyo Kibo imeizidi Nairobi kwa kama mita 4,200. Toa 3,100, bado mita 1,100 zinasimama juu ya usawa wa macho ya mpiga picha, na hewa inapindisha mwanga kidogo na kuunyanyua mlima zaidi ya hapo. Lazima uonekane!

Lakini usiishie hapo, kwa sababu picha hiyo inaweza kuamua kesi. Dunia ingekuwa bapa, mita zote 4,200 zingesimama juu ya usawa wa macho, na kilele kingekuwa juu kwa digrii 1.2, zaidi ya upana wa miezi mipevu miwili. Kwa dunia mviringo kilele hakifiki hata nusu digrii, yaani chini ya upana wa mwezi mmoja. Kama kaka ana rafiki fundi huko Nairobi mwenye mpira wa maji na asubuhi isiyo na mawingu, amtume. Alinganishe macho na maji ya pande mbili za mpira, aone kilele kimesimama wapi. Wanaouona mlima kutoka Nairobi huuona ukiwa chini, umelala kwenye upeo wa macho. Wewe unayejua unavyotisha ukisimama Moshi unaielewa tofauti hiyo.

Kipimo ninachokitaka mfanye hasa ni cha kivuli. Nimekichagua kwa sababu kinatumia vifaa ambavyo kaka yako anavijua kuliko wewe, na katika siku hiyo yeye atakuwa fundi na wewe kibarua.

Subirini tarehe 22 au 23 Septemba, wakati mchana na usiku vinakaribia kulingana. Machi 20 au 21 pia inafaa, ila huku kwetu masika huwa yanabisha hodi na wingu linaweza kuwaharibia kazi. Kwenye siku hizo pande zote mbili, yaani wewe na wale wa kwenye video, mnakubaliana kwamba jua lipo juu ya Ikweta. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kaka atengeneze sakafu ya zege, au atafute uwanja mgumu, wa mita 4 kutoka mashariki hadi magharibi na upana wa mita moja na nusu au zaidi. Apate leveli kwa mpira wake mwenyewe. Asimamishe nondo ya mita 1 kwa timazi, karibu na ukingo wa kaskazini wa sakafu ili upande wa kusini ubaki na nafasi. Adhuhuri ya jua hapa Moshi haiji saa sita kamili, huja kati ya saa sita na dakika ishirini na saa sita na nusu wakati huo wa Septemba. Kwa hiyo anzeni kama saa mbili na nusu asubuhi na mmalize kama saa kumi na nusu. Kila nusu saa mnatia alama ya chaki pale ncha ya kivuli ilipo. Ncha hiyo haikati kama kisu, ina ukungu wa sentimita chache, msigombane kwa ajili ya hilo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla hata ya alama ya kwanza, kila mmoja aandike kwenye daftari anachotarajia kukiona. Usiache hatua hii. Bila hiyo mtaishia kwenye darubini ya Wallace, kila mtu akiona cha kwake. Mwombe kaka achore ramani yake, Ncha ya Kaskazini katikati, Ikweta ikiwa duara, Moshi karibu na duara hilo. Jua husafiri digrii 15 kila saa. Saa nne kabla ya adhuhuri lipo digrii 60 nyuma kwenye duara. Aweke rula kwenye ramani yake mwenyewe, kutoka Moshi mpaka lilipo jua saa hiyo. Rula haitaelekea mashariki. Itaelekea kaskazini-mashariki, zaidi ya digrii 30 kutoka mashariki halisi. Hapo hajaambiwa na mwanasayansi yeyote, ramani yake ndiyo imesema.

Jua likiwa kaskazini-mashariki, kivuli kinalala kusini-magharibi. Kwa nondo ya mita 1 na jua la kilomita 5,000 analolisema, ncha ya kivuli cha asubuhi inapaswa kuwa kama mita 1 kusini mwa pale itakapokuwa adhuhuri. Jioni hivyohivyo upande wa pili. Alama za siku nzima zichore upinde mkubwa. Hata akibadilisha urefu wa jua, akisema ni kilomita 3,000 au 8,000, urefu wa kivuli utabadilika lakini mwelekeo hautabadilika, kwa hiyo upinde utakuwepo tu, uwe mkubwa zaidi au mdogo zaidi.

Dunia ikiwa mviringo na jua likiwa mbali sana, siku hiyo kivuli hakichori upinde. Alama zote zitakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, ukipita kama sentimita 6 kusini mwa nondo, kwa sababu Moshi ipo digrii 3 na ushee kusini mwa Ikweta. Jioni kaka achukue uzi wake wa kujengea, aufunge kwenye alama ya kwanza na ya mwisho, auvute. Kama uzi unapita kwenye alama zote, ameona. Kama alama za katikati zimekaa mita nzima mbali na uzi, nawe uwe na moyo wa kusema umeona. Tofauti ni mita nzima. Hakuna haja ya kamera ya bei kubwa wala kubishana kuhusu sentimita chache za ukungu.

Akitaka zaidi, siku hiyohiyo mnaweza kuchukua boksi la viatu, mkatoboa tundu la sindano, mkaangalia taswira ya jua kwenye karatasi ndani ya boksi saa sita na tena jioni, bila kulitazama jua lenyewe kwa macho. Kwenye ramani yake, jua la saa kumi na mbili jioni lipo mbali mara tatu kuliko la adhuhuri, kwa hiyo linapaswa kuonekana theluthi ya ukubwa. Tena lingekuwa bado limening'inia karibu digrii 20 juu ya upeo, halijazama wala halitazama. Jua la kwetu linazama likiwa na upana uleule.

Wewe nawe una ushahidi wako ambao umeuzoea mpaka huuoni. Ni mara ngapi umewafikisha wageni Stella Point, kule juu ukingoni mwa kreta ya Kibo, kukipambazuka, ninyi mmeshapigwa na jua na Moshi chini bado giza? Kutoka kimo cha Kibo upeo wa macho unashuka zaidi ya digrii 2 chini ya usawa wa macho, ndiyo maana kileleni jua huwahi kwa dakika kadhaa. Jua ambalo halishuki chini ya kilomita 5,000 haliwezi kumulika kilele cha kilomita 6 likaiacha nchi yote iliyo chini yake gizani. Na wageni wako wa Australia, wale wanaopitia Johannesburg, waulize ndege ya kutoka Sydney ilichukua muda gani. Ni kama saa 14. Kwenye ramani ya kaka umbali huo unazidi kilomita 23,000, na hakuna ndege ya abiria inayokwenda kasi ya namna hiyo. Lakini haya yaweke pembeni kwa sasa. Usimrundikie. Akipima kimoja kwa mikono yake kitamfaa kuliko ishirini ulivyomsomea.

Usiingie kwenye mistari ya Biblia naye, hata akikuletea pembe nne za dunia. Mtu akidhani unamnyang'anya dunia yake pamoja na Mungu wake, hatakuachia hata kimoja, na ukweli ni kwamba humnyang'anyi Mungu. Mwaka 2024 aliyewapeleka waamini wa dunia bapa Antaktika wakaone wenyewe alikuwa mchungaji, Will Duffy wa Colorado huko Marekani. Ramani yao inasema huko kusini jua haliwezi kuonekana saa 24 mfululizo. Walifika Desemba na jua likazunguka angani mchana na usiku bila kuzama. Jeran Campanella, aliyekuwa na wafuasi wengi kwa kufundisha dunia bapa, alisimama akasema wazi kwamba jua la saa 24 lipo na kwamba hapo alikosea. Mwenzake waliyekwenda naye hakukubali dunia mviringo. Na huko kwao, baadhi ya waliomfuata Jeran miaka yote wakamgeuka, wakasema amenunuliwa.

Lifikirie hilo kabla ya Septemba. Kaka yako akibadilika, atawapoteza vibarua waliomsikiliza na marafiki wa kwenye simu wanaomwita mwalimu, na atakuwa amekubali mbele ya mdogo wake. Hiyo ni bei kubwa, na wewe ndiye unayeweza kuipunguza. Siku ya kivuli msialike mtu. Uzi ukishavutwa usiseme "unaona?" Wala usipige picha ukamtumia mjomba. Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akisema anataka kurudia Machi, rudieni Machi, kwa sababu kurudia kipimo ni haki yake na ni jambo jema. Akisema mwanga umepinda, mwambie aandike umepinda kiasi gani na kuelekea wapi, kisha mpime na hilo. Na akikataa kabisa, rudi nyumbani, umpigie kesho yake kumuuliza hali na kazi. Kuna watu hubadilika miezi mingi baadaye, wakiwa peke yao, bila kumwambia mtu.

Kuhusu mtoto, hilo haliwezi kungoja Septemba. Zungumza na kaka, baada ya kuomba radhi na si kabla, mkubaliane jambo moja tu: kwenye mtihani mtoto anajibu kilichofundishwa, na akiwa na shaka anauliza darasani kwa adabu. Kaka hatakataa, maana hakuna mzazi aliyeacha shule kwa ajili ya mwingine anayetaka mwanawe afeli. Nenda pia kwa mwalimu wake wa jiografia, umwombe asimfanye kichekesho. Kisha mpeni kijana kazi siku ya kivuli. Awe yeye mwenye daftari. Aandike utabiri wa baba na wa baba mdogo, wote wawili mtie saini, aandike saa ya kila alama na apime kwa futi umbali wake kutoka kwenye nondo. Hapo atakuwa amefanya jiografia kwa vitendo, na anaweza kumpelekea mwalimu wake daftari hilo hata kama ninyi wawili bado mnabishana.